CC Hazikutoi Mchangani: Injini, Torki na Gia Zinavyogawana Kazi

Msimu wa korosho ukifika, malipo ya minada yakianza kuingia kwenye akaunti, kuanzia Tandahimba hadi Nachingwea kuna swali moja linalotawala vijiwe vya wanaotafuta gari: "Ina CC ngapi?" Muuzaji akijibu 4,200, watu wanaitikia kwa heshima. Akijibu 1,500, wanacheka na kuuliza kama hiyo ni gari au bajaji. Halafu wiki mbili baadaye lile la CC nyingi limelala kwa tumbo kwenye mchanga wa njia ya Msimbati, na Suzuki Jimny ya kijana mmoja inapita pembeni bila hata kuongeza moto.

Hilo si suala la bahati wala ufundi wa dereva peke yake. CC ni namba moja kati ya kama sita zinazoamua gari lako litatoka au halitatoka, na kwenye mchanga wetu wa kusini huwa ndiyo namba yenye sauti ndogo kuliko zote. Imepata umaarufu kwa sababu ndiyo inayoandikwa kwenye kadi ya gari, ndiyo TRA wanayoitazama wakipanga ushuru wa magari yanayoingia, na hata ada ya mwaka ya leseni ya gari ilipangwa kwa CC hadi ilipofutwa mwaka 2017. Mtu aliyelipia kitu miaka yote lazima atakiona cha maana.

CC ni nafasi tu

CC ni sentimita za ujazo. Chukua injini ya 1HZ, ile iliyoko kwenye Land Cruiser za mkonga nyingi unazoziona zikipeleka chanjo na maofisa vijijini. Ina silinda sita. Kila silinda ina kipenyo cha milimita 94, na pistoni inasafiri milimita 100 kutoka chini hadi juu. Ukipiga hesabu unapata sentimita 694 za ujazo kwa kila silinda, mara sita, 4,164. Hiyo ndiyo "elfu nne mia mbili" ya vijiweni. Inakuambia injini inaweza kuvuta hewa kiasi gani kwa pumzi moja. Haikuambii hewa hiyo imeshindiliwa vipi, mafuta kiasi gani yamechomwa nayo, wala nguvu iliyopatikana imefikaje kwenye tairi.

Nguvu inayotoka kwenye injini yenyewe tunaipima kwa torki, yaani ukali wa kusokota. Shika spana ya urefu wa mita moja, ning'iniza kilo moja kwenye ncha yake: nati inapata torki ya karibu Nm 10 (Nm ni nyutoni-mita, kipimo cha torki). Injini ya 1HZ, kwa takwimu za kiwanda, inatoa Nm 285 ikiwa inazunguka mara 2,200 kwa dakika. Sasa igawe kwa lita zake: kama Nm 68 kwa kila lita. Injini ya 5L iliyokuwa kwenye Hilux za zamani ni ya lita 3 na inatoa karibu Nm 200. Gawa tena: 67. Hazipishani, kwa sababu zote mbili ni dizeli za kizazi kile kile, hazina turbo, zinavuta hewa kwa pumzi zao wenyewe. Kwa injini za aina hiyo, ndiyo, CC nyingi ni torki nyingi. Wazee waliotufundisha kuuliza CC hawakuwa wajinga. Walikuwa wanaishi na injini ambazo kanuni hiyo ilizifaa.

Kisha turbo ikazoeleka. Turbo inashindilia hewa kwa nguvu, na hewa ikiwa nyingi unaweza kuchoma mafuta mengi zaidi kwenye nafasi ile ile. Hilux ya sasa yenye injini ya 2GD ni CC 2,393 tu, lakini inafikia Nm 400. Hiyo ni Nm 167 kwa lita. Ni injini ndogo kuliko 5L kwa zaidi ya nusu lita, na torki yake ni mara mbili. Toyota wenyewe mwaka 2023 waliweka injini ya CC 2,755 kwenye Land Cruiser ya 70, na katika toleo la gia za otomatiki inatoa Nm 500, wakati V8 ya lita 4.5 ya gari hilo hilo ilikuwa inatoa 430. Anayeuliza CC peke yake angeikataa hiyo mpya na kuondoka.

Kuna imani nyingine ya vijiweni ambayo ningependa kuitikisa kidogo: kwamba dizeli kwa asili ina torki kuliko petroli. Jimny ya sasa ni ya petroli, CC 1,462, haina turbo, na inatoa Nm 130. Gawa: 89 kwa lita. Imeishinda 1HZ lita kwa lita. Sababu ni kwamba dizeli isiyo na turbo lazima ibaki na hewa ya ziada ndani ya silinda, la sivyo inatoa moshi mweusi, kwa hiyo sehemu ya hewa iliyovutwa haifanyi kazi. Kinachoipa dizeli sifa yake ni *mahali* torki inapopatikana. Jimny inafikia kilele chake kwenye mizunguko 4,000. 1HZ kwenye 2,200. Dereva wa dizeli anaipata nguvu injini ikiwa bado inanguruma polepole, na hilo anayeendesha kwenye mashimo na visiki analithamini kuliko namba yenyewe.

Kilowati nazo? Ni torki mara mizunguko, ukigawa kwa 9,550. Ile 1HZ kwenye mizunguko 2,200 inatoa kama kilowati 66. Ikizungushwa hadi 3,800, torki inashuka hadi kama 241 lakini kilowati zinapanda hadi 96, kwa sababu inapiga mara nyingi zaidi kwa dakika. Torki inasema injini inasukuma kwa ukali gani. Kilowati zinasema kazi kiasi gani inafanyika ndani ya muda. Tutazihitaji tukifika kwenye mlima wa Newala. Mchangani hazina mengi ya kusema.

Gia ndiyo inayozidisha

Waendesha bodaboda wa uwanda wa Makonde wanaijua elimu hii vizuri kuliko wamiliki wengi wa magari. Pikipiki ya CC 125 au 150, abiria mmoja na gunia la korosho, njia ya mchanga. Dereva hanunui pikipiki ya CC nyingi zaidi. Anakwenda kwa fundi, anabadili spoketi ya nyuma kwa yenye meno mengi zaidi. Spidi ya juu inapungua, nguvu ya kupanda inaongezeka. Injini ni ile ile.

Kwenye gari la 4x4 kuna sehemu tatu zinazofanya kazi hiyo, na kila moja inazidisha iliyopita: giaboksi, transfa (boksi la pili linalogawa nguvu kati ya mbele na nyuma), na difu (gia za katikati ya ekseli). Torki ya injini mara uwiano wa gia, mara uwiano wa transfa, mara uwiano wa difu. Jibu lake unaligawa kwa nusu kipenyo cha tairi, na hapo ndipo unapata msukumo halisi unaogusa ardhi.

Tuchukue pikapu ya mfano, namba zilizonyooshwa ili hesabu isitusumbue. Injini ya Nm 200. Gia ya kwanza 4, ya pili 2.3, ya tatu 1.4. Difu 4. Transfa ikiwa kwenye H, yaani gia za kawaida, haizidishi kitu. Ikiwa kwenye L4, yaani gia nzito kwa tairi zote nne, inazidisha mara 2.5. Kutoka katikati ya tairi hadi ardhini ni sentimita 38. Gari, mzigo na watu, jumla kilo 3,000. Njiani, kwenye meno ya gia na fani, tukubali inapotea asilimia 15.

Kwenye H, gia ya kwanza, gari hili linaweza kusukuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 730. Gia ya pili, 420. Gia ya tatu, 255. Sasa vuta mkono mdogo wa gia uende L4: gia ya kwanza inakuwa 1,820, ya pili 1,050, ya tatu 640.

Hujaongeza hata tone la CC, na msukumo umekuwa mara mbili na nusu. Bei yake ni spidi. Injini ikizunguka 2,200, gia ya kwanza kwenye H inakupeleka kama kilomita 20 kwa saa. Kwenye L4 inakupeleka 8. Gia haitengenezi nguvu. Inakuuzia msukumo kwa kukukata mwendo, na bei haipungui.

Ndiyo maana mimi huona L4 ni kifaa muhimu kuliko injini kwa mtu wa vijijini kwetu. RAV4, Harrier na X-Trail zinaweza kuwa na tairi nne zinazoendeshwa, lakini hazina transfa ya L4. Zinafaa sana kwa barabara ya vumbi iliyochongwa. Kwenye shamba la mikorosho lenye mchanga wa kifundo cha mguu, gia ya kwanza ndiyo mwisho wa hesabu yao. Jimny, kwa upande wake, ina gia ya kwanza ya 4.425, transfa ya 2.002, na difu ya 4.09. Zidisha: 36. Kila mzunguko mmoja wa tairi injini imezunguka mara 36. Zile Nm 130 za kuchekesha zinafika kwenye ekseli zikiwa zaidi ya 4,700, na ukigawa kwa tairi yake ndogo, msukumo unazidi uzito wa gari lenyewe, ambalo ni takribani kilo 1,100 tu. Land Rover Defender yenye injini ya 300Tdi, lita 2.5, inafika mara 43, kwa sababu L yake ni nzito kweli, 3.32. Waingereza hawakuwa na injini kubwa. Walikuwa na gia.

Mchanga una kauli ya mwisho

Kusukuma ni upande mmoja. Ardhi lazima ikubali kusukumwa.

Lami inadai kidogo: gari la kilo 3,000 linahitaji msukumo wa kilo 45 hivi kulifanya libingirike. Mchanga mkavu uliolegea unaweza kudai asilimia 20 ya uzito, yaani kilo 600, kwa sababu tairi kila wakati iko kwenye shimo inalolichimba na inapanda ukingo wake. Rudi kwenye pikapu yetu. Kwenye H, gia ya kwanza ina 730: inapita, lakini kwa shida, na pale tu injini ikiwa kwenye kilele cha torki. Gia ya pili ina 420, haitoshi. Kwa hiyo dereva anabaki kwenye ya kwanza, injini inalia, akitaka kuondoka inabidi achezee klachi, na harufu ile tunaijua wote. Kwenye L4 gia ya pili ana 1,050, anatembea kilomita 14 kwa saa, klachi imefunga kabisa, injini haina presha. Hii ndiyo sababu madereva wazoefu wa pwani huingia mchangani na L4 gia ya pili badala ya ya kwanza.

Sasa angalia mshiko. Mchanga kama huo unapokea labda asilimia 30 ya uzito uliolalia tairi zinazoendeshwa. Pikapu yenye mzigo ina kama asilimia 60 ya uzito nyuma, kilo 1,800. Asilimia 30 yake ni 540. Mchanga unadai 600. Kwenye H2, yaani gia za kawaida kwa tairi za nyuma peke yake, gari hili limekwama kabla halijaanza, na hakuna injini duniani itakayolitoa, kwa sababu chochote unachoongeza juu ya 540 kinageuka kuwa tairi inayozunguka bure na kuchimba. V8 hapo inachimba haraka zaidi, basi. Ukiunganisha tairi za mbele, uzito wote wa kilo 3,000 unafanya kazi, mchanga unapokea 900, na 600 inapatikana ikiwa na akiba.

Tena linganisha hiyo 900 na ile 1,820 ya L4 gia ya kwanza. Injini ya Nm 200, ambayo vijiweni wangeiita dhaifu, tayari ina msukumo mara mbili ya mchanga unaoweza kupokea. Ukiweka injini ya Nm 400 unapata mara nne. Za nini? Mguu wa dereva ndio utakaolazimika kuzirudisha chini.

Kitu kinachobadilisha hesabu hii kweli ni upepo wa tairi. Tairi ya psi 35 ukiishusha hadi psi 18 au karibu na hapo inarefuka pale inapogusa ardhi, inaelea badala ya kukata, ile asilimia 20 inashuka na ile 30 inapanda. Ni bure. Inahitaji dakika kumi na pampu ndogo ya kujazia ukirudi lami, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo kwenye spidi kubwa linachemka na kupasuka. Bado nashangaa watu wanaokodi trekta kabla ya kugusa vali.

Waingereza waliokuja na mradi wa karanga mwaka 1947, ambao Nachingwea ilikuwa moja ya maeneo yake, walikuwa na njaa kubwa ya mashine. Walileta matrekta ya minyororo, na kiwanda kimoja kwao kikavigeuza hata vifaru vya Sherman vya vita kuwa matrekta. Mnyororo ni jibu la swali lile lile la tairi: eneza uzito, pata mshiko. Mradi ulikufa mwaka 1951 kwa sababu nyingine nyingi, reli yake ya Mtwara ikafungwa miaka ya 1960, tukabaki na bandari. Lakini katika suala la kugusa ardhi walikuwa wameelewa.

Matope yana tabia tofauti kidogo. Kuanzia Desemba hadi Aprili, mtu anayetoka Nangurukuru kwenda Liwale, au anayekatiza mabonde ya Mbwemkuru, hakutani na mchanga. Anakutana na udongo mweusi unaojaza meno ya tairi hadi tairi linakuwa kipara. Hapo L4 gia ya kwanza inaweza kukuponza: tairi linazunguka polepole mno kiasi kwamba halijisafishi. L4 gia ya pili au ya tatu, mwendo usiokatika, tairi linarusha tope na meno yanarudi kazini. Na kwa mara moja, injini yenye torki pana inasaidia hapa, kwa sababu kubadilisha gia katikati ya tope ni kusimama, na kusimama ni kulala hapo.

Newala inadai kilowati

Nimeizungumzia injini kama mtu asiye na kazi, na hiyo si haki. Mpeleke Newala.

Uwanda wa Makonde hauna mito juu yake, na kwa miaka mingi maji yamekuwa yakipandishwa kutoka mabondeni kwa kichwa, kwa baiskeli, na sasa kwa pikapu zenye tanki la plastiki. Tanki la lita 1,000 ni tani moja kamili. Tuseme pikapu yetu, ikiwa na tanki hilo ndani ya zile kilo 3,000, inapanda mteremko unaoinuka mita moja kila mita kumi. Mlima unadai kilo 300, kubingirika kunadai 45 nyingine au zaidi kama njia si lami. Tuseme 350. Gia ya tatu ina 255, haiwezi. Gia ya pili ina 420, inapanda, kwenye kilomita 34 kwa saa. Pikapu nyingine, injini ya Nm 400 na gia zile zile, kwenye gia ya tatu ina 510. Inapanda ikiwa kilomita 56 kwa saa.

Zote zimefika. Moja imefika mapema, na kwa anayepiga safari za maji kutwa nzima hiyo ni pesa. Hapa mshiko si tatizo, ardhi ni ngumu, na gari likishaondoka L4 haisaidii kitu isipokuwa kukuchelewesha. Hapa ndipo kilowati zinaposema. Kwa hiyo mtu anayeishi kwenye lami ya Mtwara–Masasi akipakia tani mbili kila siku, injini yenye nguvu ni haki yake. Anayeingia mashambani kwa kilomita kumi za mchanga ana mahitaji mengine kabisa, na wote wawili wanauliza swali moja, CC ngapi.

Injini ndogo yenye turbo ina udhaifu mmoja unaoonekana hasa kwenye kuondoka mlimani na mzigo: chini ya mizunguko kama 1,400 turbo haijaamka, na wewe una injini ya lita 2.4 isiyo na turbo. Inazima. Dereva aliyezoea 1HZ, ambayo inaondoka kwa nguvu zake tangu chini, atasema gari jipya ni bovu. Dawa yake ni ile ile, L4, ili injini ifike 1,800 tairi likiwa bado linatambaa.

Kushuka ni muhimu kuliko kupanda, ingawa watu hawakuzungumzii. Anayeshuka kutoka Newala kuelekea bonde la Ruvuma na mzigo kwa breki peke yake, breki zinachemka na kwa wakati fulani kanyagio linaenda hadi chini bila majibu. Kwenye L4 gia ya kwanza, injini ikiwa kwenye sailensa, mizunguko kama 750, pikapu yetu inashuka kilomita 2.7 kwa saa, polepole kuliko mtu anayetembea, bila kugusa breki. Kwa mteremko mrefu wa kawaida gia ya pili kwenye H inatosha. Usikanyage klachi njiani. Ukiikanyaga, injini haikushikilii tena.

Kuhusu gia za otomatiki, ambazo Prado nyingi za mtumba zinakuja nazo, nitasema kidogo tu: zinaondoka vizuri mchangani kwa sababu kile chombo cha mafuta kati ya injini na giaboksi chenyewe kinazidisha torki gari likiwa bado limesimama, hadi karibu mara mbili. Lakini kinafanya hivyo kwa kuchemsha mafuta. Tumia L4 mapema, acha mafuta yapumue.

Tairi kubwa, difu ya mtumba

Baada ya kununua gari, kitu cha kwanza vijana wanachofanya ni kufunga tairi kubwa. Tairi ya 265/65R17 ina kipenyo cha milimita 776. Ya 285/70R17 ina 831. Tofauti ni asilimia 7. Gari limenyanyuka, linapendeza kwenye picha, na kila msukumo niliouorodhesha hapo juu umepungua kwa asilimia 7, kwa sababu umegawa kwa nusu kipenyo kikubwa zaidi. Breki nazo zinafanya kazi zaidi. Na kipimo cha spidi sasa kinasoma pungufu kuliko kilivyokuwa: kama zamani kilisema kweli, kikionyesha 50 kijijini wewe uko 53 na nusu, na askari mwenye tochi hatapenda kusikia habari ya kipenyo.

Anayetaka tairi kubwa kwa haki anabadili na difu: kama ilikuwa 4.1, anahitaji karibu 4.4 ili arudi alipokuwa. Hapa ndipo magari mengi yanapoharibiwa. Difu zipo mbili. Ya nyuma ikifa, fundi anatafuta ya mtumba, inaingia vizuri, gari linatembea, mwenye gari anafurahi. Hakuna aliyehesabu meno. Nyuma ni 4.1, mbele ni 3.9. Kwenye H2 huoni kitu. Siku ukiingiza H4, yaani gia za kawaida kwa tairi zote nne, tairi za mbele na za nyuma zinataka kwenda kwa spidi tofauti wakati transfa imezifunga pamoja. Mchangani zitateleza kidogo na kukusamehe. Kwenye ardhi ngumu, kitu dhaifu kuliko vyote kitavunjika: propela (shafti inayotoka transfa kwenda difu), ekseli, au transfa yenyewe. Hata gari lenye difu sahihi halipaswi kutembea kwenye H4 kwenye lami kavu, kwa sababu kwenye kona tairi za mbele husafiri njia ndefu kuliko za nyuma.

Kuna na zile haba za kufunga kwa mkono kwenye tairi za mbele, zinazounganisha tairi na ekseli yake. Mtu anavuta L4 bila kushuka kuzifunga. Transfa inafanya kazi, propela ya mbele inazunguka, tairi za mbele hazina habari. Torki yote ya L4, mara mbili na nusu, inamwagikia ekseli ya nyuma peke yake. Land Rover za zamani zimekatika shafti za nyuma hivyo tangu enzi, na wale waliozitia Land Rover 109 injini za Toyota zenye torki zaidi ndio walioongoza kununua shafti.

Kabla ya kutoa pesa, basi, fanya haya hapo hapo yadi. Funga haba, ingiza L4 kwenye ardhi laini, ondoka gia ya kwanza bila moto. Gari litambae bila kuruka gia wala kugonga. Lala chini uone propela zote mbili. Kisha hesabu difu: zuia tairi kwa mawe, weka giaboksi huru, transfa iwe H2, shusha breki ya mkono, inua tairi moja ya nyuma kwa jeki. Piga alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela. Zungusha tairi raundi 20 ukihesabu propela. Tairi la pili likiwa limesimama, raundi 20 za hili ni sawa na 10 za ekseli nzima, kwa hiyo difu ya 4.1 itakupa propela raundi 41 na ya 3.9 itakupa 39. Rudia mbele, haba zikiwa zimefungwa. Ukipata 41 nyuma na 39 mbele, usibishane na muuzaji kuhusu CC. Toa kwenye bei gharama ya difu moja na kazi ya fundi, au nenda kaangalie gari linalofuata.